AFYA YETU: Mtaa na Huzuni

Huzuni kubwa isiyokwisha ni ugonjwa. Mgonjwa hukosa usingizi na kukata tamaa. Wengine hutafuta nafuu katika pombe, bangi au heroini. Je, mtaa unachangia?

Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilianza kulichunguza jambo hili katika miji 5, ikiwemo Chicago. Familia maskini zipatazo 4,600 ziliingia. Wengi walitaka kuyakimbia magenge ya wahalifu na dawa za kulevya. Ilipigwa kura. Walioshinda walisaidiwa kodi ya nyumba ili wahamie mitaa yenye hali bora.

Baada ya miaka 10 hadi 15 watafiti walirudi kuwauliza. Kipato cha walioshinda hakikuongezeka. Hata hivyo, kina mama walikuwa na huzuni kidogo kuliko wale waliokosa. Wasichana nao walipata nafuu. Lakini wavulana hawakupata. Baadhi yao walizidi kuugua.

Basi kuhama peke yake si dawa. Kijana mgeni akihamia kijijini kwenu, mkaribisheni. Mwiteni kwenye mpira na kwenye kazi. Ukiona jirani amejitenga, mtembelee. Akizidiwa, mpeleke zahanati mapema.