MWENYE NYUMBA NAYE NI TAJIRI



Wengi wetu waliokwisha kununua nyumba za mstari katika mitaa ya zamani ya Nairobi sasa wanazitengeneza upya. Ni jambo la kupendeza. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilipochunguza mishahara ya Waafrika katika Kenya, ilikuta mshahara wa chini wa mjini umepimwa kwa mahitaji ya mwanamume mseja. Mke na watoto hawakuhesabiwa. Leo mfanya kazi ana nyumba yake. Lakini siku ile amwitapo fundi na vibarua, amekuwa tajiri. Sheria haiulizi kama ana kadi ya chama. Nasi twataka kumwuliza: utakuwa tajiri wa namna gani?

Twauliza kwa sababu malalamiko yametufikia. Mwashi na vibarua watatu walifanya kazi siku kumi na tisa katika nyumba ya mwanachama, ambaye hatumtaji jina, kisha wakaambiwa wangoje mwisho wa mwezi. Fedha zilikuwa zimekwisha kwa vigae vya sakafu na makabati ya jiko. Bwana huyo huyo alipiga meza mkutanoni pale mshahara wake ulipochelewa siku nne! Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kibarua ni mtu wa kulipwa mwisho wa kila siku. Haikutaja vigae.

Wengine watasema fundi mwenyewe alikubali. Maneno hayo tumeyasikia sana kwa matajiri wetu.

Mara nyingi aibu hii hutokana na kuanza kazi bila mpango. Mtu hupata mkopo wa ushirika, akaanza na kile ambacho wageni watakiona: sebule, jiko, rangi. Lakini nyumba ya miaka ya 1970, kama zile za Buru Buru, ubovu wake umejificha. Mabomba ya chuma yameliwa na kutu kwa ndani, na maji yatoka kama uzi. Nyaya za stima ziliwekwa kwa ajili ya taa na redio. Leo zabebeshwa friji, pasi na heta ya kuogea. Ukimaliza kuweka vigae, kisha bomba likapasuka nyuma yake, utavunja kazi uliyoilipia na kuilipia tena, na fedha za kulipia mara ya pili hutolewa katika mshahara wa fundi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, ngoja mvua. Wakati wa masika zunguka nyumba yako, utazame dari, pembe za madirisha na ukuta wa nyuma, na utie alama ya penseli kila panapolowa. Kisha anza na paa na mifereji yake. Halafu mabomba ya maji safi na machafu, halafu stima, nayo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Plasta, vigae na rangi ni mwisho. Katika kila shilingi 100 weka 20 kando, maana ukuta wa miaka hamsini ukifunguliwa hukosi kukuta jambo. Wala usijitie katika mkopo usioweza kuubeba. Sheria hiyo ya 2007 yakataza makato yote pamoja kupita theluthi mbili za mshahara, na aliyefika hapo amekwisha kuumia tayari.

Nyumba ya mstari ina neno lake jingine. Ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Ukiutindua ili kuingiza boriti bila ushauri wa mtu ajuaye, nyufa zitatokea chumbani kwake. Huko nyuma, bomba la maji machafu la mstari mzima huenda likapita chini ya ua wako. Ukijenga chumba cha kupangisha juu ya shimo lake, siku litakapoziba hakuna atakayelifikia. Na msingi uliochimbwa kwa ghorofa moja haukuchimbiwa tatu. Chora ramani, mwonyeshe jirani, kisha ipeleke kaunti, maana Sheria ya Mipango ya mwaka 2019 yataka kibali. Twajua kibali chala siku na fedha.

Lakini linalotutia hofu kuliko yote ni asbesto. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, lakini mapaa yake yangali juu ya nyumba nyingi za zamani. Vumbi lake halionekani. Likiingia mapafuni hukaa humo, na ugonjwa, pengine kansa, waweza kutokea baada ya miaka 20, 30 au hata 40. Kijana unayempandisha leo na msumeno ataugua wakati wewe umekwisha kusahau hata jina lake. Asbesto isikatwe, isitobolewe, isivunjwe, wala vumbi lake lisifagiliwe kavu. Kuiondoa na kuitupa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA. Ni ghali, ndiyo. Kama huna fedha, na paa bado ni zima, liache bila kuliguza mpaka uzipate.

Tena kuna ngazi. Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri akate bima ya watu wake. Ukimpa kazi kontrakta, mwambie akuonyeshe karatasi ya bima kabla mtu hajapanda juu. Ukiwaandika watu mwenyewe, mzigo huo ni wako.

Twapendekeza basi kwamba kamati ya mikopo ya ushirika wetu isitoe tena mkopo wa nyumba kwa mkupuo. Utolewe kwa mafungu: paa, mabomba, stima, na kadhalika. Fungu la mishahara ya mafundi na vibarua liandikwe peke yake tangu mwanzo, wala lisiguswe kwa kununua vifaa. Na fungu la pili lisitoke mpaka mwanachama alete karatasi iliyotiwa sahihi na mafundi wake kwamba wamelipwa kazi ya fungu la kwanza. Matawi yanaombwa kulijadili jambo hili na kutuletea majibu kwa maandishi.