Wito kwa Wafugaji wa Shinyanga: Tufunge Ngitili Kabla ya Mvua



Kiangazi kikifika kilele chake, ng'ombe hushambuliwa na maadui wawili kwa pamoja, joto na njaa, nasi aghalabu humwona mmoja tu. Mtazameni ng'ombe arudipo kutoka lamboni saa nane mchana: kinywa wazi, ute unamdondoka, mbavu zapanda na kushuka upesi, wala halali ijapokuwa amechoka, maana asimamapo hupata upepo. Mnyama katika hali hiyo hupunguza kula, kwa kuwa usagaji wa chakula tumboni wenyewe huzaa joto. Na apunguzapo kula, maziwa humkauka, mimba huchelewa kushika, na ndama wake hudumaa. Nyasi nazo zikishakauka, protini yake ikashuka chini ya sehemu 7 katika 100, vijidudu vya tumboni vinavyozilainisha hudhoofika, hata ng'ombe aliyejaza tumbo akawa anakonda.

Dawa tunayo nyumbani. Nchi hii ya Shinyanga ilifyekwa miti ili kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, ikafika kuitwa jangwa. Na ulipoanzishwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986, hekima yake kubwa ilikuwa kuwarudia wazee wa Kisukuma na ngitili zao, yaani malisho yafungwayo mvua zianzapo na kufunguliwa kiangazi kikichacha. Mamia ya maelfu ya hekta yakavikwa tena miti na majani.

Lakini ngitili haifi kwa ukame. Hufa kwa mtu mmoja aingizaye kundi lake usiku wa mwezi wa Februari (na mara nyingi, nasema bila haya, si maskini), kisha jirani naye akaona hana sababu ya kungoja.

Kwa hiyo nawasihi, kabla ya mvua za Novemba, kila kijiji kiitishe dagashida, yaani baraza la jadi la kijiji, mipaka ikaguliwe kwa miguu, faini ikadiriwe kwa wingi wa mifugo ya mkosaji ili tajiri asiidharau, na sungusungu wakabidhiwe ulinzi. Migunga na mikwaju ya kivuli isiguswe na shoka. Mabua ya mtama yasichomwe bali yapangwe juu ya vichaga. Na katika baraza hilo, aulizwe kwanza mwenye kundi kubwa kuliko wote: yeye atafunga ngitili yake lini?