Bomba refu si dawa: moshi wa takataka za hospitali unarudi kwenye sahani yetu

LUBUMBASHI – Ndugu wasikilizaji, na ninyi wazazi mliokimbia vita mkapata kimbilio katika mji wetu, leo hatuleti habari ya mkutano wala ya ziara ya kiongozi. Tunaleta habari ya moshi.

Nyuma ya vituo vingi vya afya vya nchi yetu kuna tanuru dogo la matofali lenye bomba fupi. Humo zinatupwa sindano, glavu, mifuko ya damu na mipira ya seramu. Wanamwaga mafuta kidogo, wanawasha. Ukiuliza, unajibiwa: moto unasafisha.

Hapana. Moto ule unaua vijidudu, lakini unazalisha sumu ambayo haikuwa ndani ya takataka. Inaitwa dioksini. Plastiki ya PVC, ambayo hutengeneza mifuko na mipira mingi ya hospitali, ina klorini. Ikiungua kwa moto dhaifu, na moshi ukapoa polepole kati ya digrii 450 na 200, ile klorini inashikana na masizi na dioksini inazaliwa. Tangu mwaka 1997, wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani wameiweka dioksini iliyo kali kuliko zote kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Inadhuru pia mtoto angali tumboni. Ikishaingia mwilini inajificha kwenye mafuta, na kupungua nusu tu kunachukua miaka 7 hadi 11.

Wengine watasema: sisi hatukai karibu na tanuru. Sikieni vizuri: zaidi ya asilimia 90 ya dioksini inaingia kwa chakula, siyo kwa pua. Majivu yanaanguka chini, kuku anadonoa, mtoto anakula yai. Mwaka 2005 mayai ya kuku wa kienyeji yalipimwa karibu na jalala la Dandora, mjini Nairobi, ambako takataka zinaungua ovyo. Dioksini ilikutwa imepita mara kadhaa kiwango kinachokubaliwa Ulaya. Familia ya wahami inayofuga kuku wawili kando ya ukuta wa kituo cha afya ndiyo ya kwanza kulipa, na hakuna aliyeiambia.

Kuna wanaosema turefushe bomba, mambo yataisha. Watu wa Lubumbashi, ni sisi wa kuambiwa hivyo? Bomba la Gécamines linaonekana toka kila mtaa. Kiwanda kile kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na moshi wake, uliosukumwa na upepo, ulikausha misitu upande wa kaskazini-magharibi na kuchafua udongo hadi Penga Penga. Ule ulikuwa moshi wa salfa na madini, siyo dioksini, lakini fundisho ni lile lile: bomba refu haliondoi sumu, linaipeleka kwa jirani.

Kinachozuia dioksini kinajulikana. Moshi ubaki kwenye joto la digrii 850 angalau kwa sekunde mbili, na digrii 1,100 kama takataka zina klorini nyingi. Kisha upozwe haraka sana, upite kwenye unga wa makala maalumu unaonasa sumu, halafu kwenye vichujio vya kitambaa. Mwishoni upimwe: Ulaya hairuhusu zaidi ya nanogramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Tanuru la matofali halina hata kimoja katika hivyo.

Mtasema hatuna pesa ya mitambo hiyo. Ni kweli. Basi tusichome! Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, iliingia pamoja na Tanzania, Ghana na Madagascar katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuua vijidudu vya takataka za hospitali kwa mvuke wa moto, bila kuchoma. Kinachobaki kinasagwa na kuzikwa. Kondo la nyuma lina shimo lake, sindano zina shimo lake la saruji.

Wengine watamnyooshea kidole mama anayewasha makala kwa sashe. Mama, uache kweli, maana moshi ule unaingia kwenye bukari yako. Lakini mama hakusaini mkataba wowote. Serikali ndiyo iliyojiunga na Mkataba wa Stockholm mwaka 2005, ambao unataja machomeo ya takataka za hospitali kwa jina. Na Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Mhami naye ni mtu.

Tunadai mambo matatu. Kwanza, plastiki itenganishwe na takataka nyingine ndani ya wodi, isifike motoni. Pili, mkoa uanze na mitambo ya mvuke kwenye hospitali kubwa, na vituo vidogo vipeleke takataka zao huko. Tatu, majivu yasimwagwe tena mahali ambapo watoto wanacheza na kuku wanachakura.

Viongozi wakisema moto unasafisha, waombeni wale mayai ya kuku wa pale pale.