Tumtumikie Mungu kama Wana, Si kama Vibarua



Ndugu wapendwa, yapo maswali ambayo katika ofisi ya parokia hurudi kila juma. Nikifika kanisani baada ya Injili, je, Misa hiyo inahesabika? Nikisali Jumamosi jioni, nimekwisha kutimiza amri ya Dominika? Marehemu mzee wetu hakumaliza zaka ya mwaka huu. Je, Kanisa litamzika? Maswali haya si mabaya. Anayeuliza anaonyesha kwamba dhamiri yake ingali hai. Lakini tukiyasikiliza vizuri, tunasikia chini yake swali jingine lisilotamkwa: ni kiasi gani kidogo kabisa ninachopaswa kumpa Mungu ili nisije nikaadhibiwa?

Hilo ni swali la kibarua. Kibarua hupiga hesabu ya saa na ujira, na jua linapotua huweka jembe chini akaenda zake. Hatumlaumu, maana shamba si lake. Kinachotusikitisha ni kwamba wengi wetu tuliofanywa wana wa Mungu kwa Ubatizo tunaishi katika nyumba ya Baba yetu kana kwamba tumekuja kutafuta kibarua tu.

Tuusome tena mfano wa baba mwenye huruma katika sura ya 15 ya Injili ya Luka. Tumezoea kumwona mwana mdogo kuwa ndiye mkosaji na mwana mkubwa kuwa ndiye mtiifu. Tutazame kila mmoja anajionaje. Mdogo, huko ugenini kwenye nguruwe, anatunga maneno ya kumwambia baba, na mwishoni mwake ameweka ombi la kufanywa kama mmoja wa vibarua. Mkubwa, aliyebaki nyumbani, anajieleza kwa baba kwa kuhesabu miaka aliyomtumikia, na katika Kigiriki cha Luka kitendo anachotumia ni kile cha utumishi wa mtumwa. Basi mmoja anaomba kuwa kibarua na mwingine anajiona mtumwa. Katika nyumba ile hakuna anayejua kwamba yeye ni mwana, isipokuwa baba mwenyewe. Ndiyo maana mdogo hapati hata nafasi ya kulimaliza ombi lake: kabla hajafika kwenye neno la vibarua, baba amekwisha kuagiza joho, pete na viatu.

Je, tuseme basi kwamba amri hazina kazi? Hasha. Bwana wetu alisema waziwazi kwamba hakuja kuitangua Torati, na jioni ya Karamu ya Mwisho aliwaambia wanafunzi wake kwamba anayempenda atazishika amri zake. Lakini tuangalie mpangilio wa maneno hayo: upendo unatangulia, utii unafuata. Amri za Kanisa nazo tuzielewe hivyo. Mtaguso wa Nne wa Laterano wa mwaka 1215 ulipoagiza kuungama walau mara moja kwa mwaka na kupokea Ekaristi wakati wa Pasaka, haukuwa unachora kilele cha maisha ya Kikristo. Ulikuwa unaweka sakafu, ili mtu asianguke chini ya hapo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inasema vivyo hivyo: amri hizi zinawahakikishia waamini kile kiasi cha chini kabisa kisichoweza kukosekana. Sakafu ni ya lazima, lakini hakuna ajengaye sakafu peke yake akasema amemaliza nyumba.

Historia inatuonyesha kinachotokea hofu inapochukua nafasi ya upendo. Mwaka 1640 kilitolewa kitabu cha Cornelius Jansen, askofu wa Ypres, aliyekuwa amekwisha kufariki, na miaka mitatu baadaye Antoine Arnauld aliandika huko Ufaransa juu ya Komunyo ya mara kwa mara, akidai maandalizi makali mno kwa anayetaka kuipokea. Kanisa lilizilaani hoja za Jansen, lakini roho ya mafundisho hayo ilibaki katika nyumba nyingi za Kikatoliki kwa vizazi. Watu wema walikaa mbali na meza ya Bwana kwa sababu walijiona hawastahili, kana kwamba yuko anayestahili.

Katika Ufaransa iliyokuwa bado na mabaki ya hofu hiyo alizaliwa, mwaka 1873, Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Yeye mwenyewe aliijua hofu. Akiwa na umri wa miaka 12 alishikwa na wasiwasi wa dhamiri uliomtesa zaidi ya mwaka mzima, kila wazo likigeuka kuwa dhambi machoni pake. Aliingia Karmeli ya Lisieux mwaka 1888, akiwa na miaka 15. Wakati wake walikuwako watawa wema waliojitoa kwa Mungu ili wabebe adhabu za haki yake. Teresia aliwaheshimu, lakini tarehe 9 Juni 1895 yeye alijitoa kwa Upendo wenye Huruma. Alikuwa amegundua kwamba mtoto mdogo hapandi ngazi kwa nguvu zake. Hunyosha mikono, na mzazi humwinua.

Wako wanaodhani kwamba njia hiyo ni ya uvivu. Tuutazame mfano mmoja. Katika monasteri alikuwamo mtawa mzee, mgonjwa, asiyeridhika kwa urahisi, aliyehitaji kuongozwa kila jioni kutoka kanisani hadi chumba cha kulia. Teresia alijitolea kazi hiyo, akaistahimili pamoja na manung'uniko yake. Kisha akaona kwamba mikono ya yule mama inapata shida kukata mkate. Hakuna kanuni iliyomwagiza wala mkubwa aliyemtuma; alimkatia mkate kila jioni kabla ya kuondoka. Sheria ingemruhusu aishie mlangoni. Upendo ulimfikisha mezani.

Wala tusidhani kwamba utoto huo ni maisha mepesi. Tangu Pasaka ya mwaka 1896 hadi kufa kwake, tarehe 30 Septemba 1897, Teresia aliishi katika giza zito la imani huku kifua kikuu kikimla. Mtumwa hukimbia anapokosa ujira. Mtoto huendelea kumshika baba mkono hata gizani. Tena Mtume Paulo anatukumbusha katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho kwamba tuwe watoto katika uovu, bali katika akili tuwe watu wazima. Kuwa kama mtoto si kuwa na akili za kitoto.

Kanisa limethibitisha mwelekeo huu. Mwaka 1905 Papa Pius X alihimiza Komunyo ya mara kwa mara, hata ya kila siku, kwa waamini wenye neema na nia njema, na mwaka 1910 aliwafungulia watoto wadogo, wapatao umri wa miaka saba, njia ya kuipokea. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Teresia kuwa Mwalimu wa Kanisa, na mwaka 2023 Papa Fransisko alitoa waraka mzima juu ya njia yake ya matumaini.

Mtu atatuuliza: mkiwaondolea watu hofu, je, makanisa hayatabaki matupu? Tunajibu kwamba hofu ina kazi yake. Maandiko yanaiita mwanzo wa hekima, na Katekisimu inafundisha kwamba hata majuto yasiyo kamili, yatokanayo na kuogopa adhabu, ni zawadi ya Mungu. Lakini mwanzo si mwisho. Mtoto anayeosha vyombo kwa kuogopa fimbo ataviacha siku mama akisafiri. Yule anayeviosha kwa sababu ameona mama amechoka ataviosha hata asipoonwa. Kanisa lililojaa watu wanaokwepa adhabu linaweza kuonekana imara, lakini siku hofu ikitoweka kijana atakapohamia mjini, asikojulikana na mtu, hakuna kitakachombakiza.

Kwa hiyo tunasema wazi juu ya jambo linalowaumiza wengi: kadi ya zaka isigeuzwe kuwa hati ya mazishi. Kanuni ya 1184 ya Sheria ya Kanisa inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kikanisa: waasi wa imani, wazushi na wafarakano wanaojulikana, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wengine wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata kwao, walioonyesha dalili ya toba kabla ya kufa hawanyimwi. Mwenye deni la zaka hatajwi humo. Ni kweli kwamba kanuni ya 222 inatudai sote kulitegemeza Kanisa, nasi hatuifichi. Lakini wazee walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Viongozi wa jumuiya wanapoona kadi isiyojazwa, swali la kwanza liwe: mwenzetu amepatwa na nini? Huenda anauguza, au hana chakula. Kumtembelea ni wajibu wa familia kabla ya kumwandika katika orodha ya wadaiwa.

Na wazazi na makatekista wanaowaandaa watoto kwa Komunyo ya kwanza wawafundishe amri zote, pasipo kupunguza hata moja, lakini kwanza wawafundishe ni nani aliyezitoa. Atakayejua kwamba Baba anamsubiri mezani hatauliza achelewe kiasi gani.

Juma hili tunaombana jambo dogo. Kila mmoja wetu amfanyie Mungu au jirani tendo moja lisilodaiwa na amri yoyote, wala asimwambie mtu. Na tutakapoanza sala aliyotufundisha Bwana, tutulie kidogo kwenye neno la kwanza kabla ya kuendelea. Hatukufundishwa kumwita Mwajiri wetu. Tumeruhusiwa kumwita Baba.

Mungu Mwenyezi awabariki nyote, pamoja na familia zenu. Amina.