Hirizi na Kamba ya Ngamia

Wapo wengi miongoni mwetu ambao kila siku, katika sala zao tano, hushuhudia kwamba hapana mungu ila Mwenyezi Mungu, na papo hapo wamefunga mkononi kipande cha ngozi wasichothubutu kukivua. Ukiwauliza, hujibu kwa upole kwamba kile si kitu, ni kinga tu. Kama si kitu, mbona hakivuliwi? Na kama ni kitu, nani amekipa kazi ya Mola? Nitalisema neno langu bila ya kuzunguka: hirizi haiongezi imani, bali huipunguza, na ikiondoka na imani, huondoka pia na akili na ujirani mwema.

Sote twazijua hirizi zetu za pwani. Kuna ile ya mtoto mchanga, iliyoshonwa kwa kitambaa cheusi na kufungwa shingoni au kiunoni. Kuna ya mkononi, ya juu ya mlango, ya dukani na ya gari. Yasemwa kwamba ndani yake mna aya za Qurani. Nasema "yasemwa" kwa sababu mvaaji mwenyewe hajui. Ameonywa kwamba akiifungua itaharibika. Wale waliozifungua wamekuta mara nyingine aya kweli, na mara nyingine vijumba vya tarakimu, majina ya majini, na maneno ambayo si Kiarabu wala si lugha ya watu wowote. Nimewafundisha walimu kwa miaka mingi, na sijapata kumwona mwalimu atoaye alama kwa karatasi ya mtihani ambayo hajaikunjua. Ajabu ni kwamba katika jambo la roho yake mtu hukubali asichokubali katika hesabu za darasa la tatu.

Watetezi wa hirizi watasema kwamba wanazuoni wamehitilafiana. Ni kweli, na si haki kulificha. Imepokewa kwamba Abdullah bin Amr, sahaba wa Mtume, aliwaandikia watoto wake wadogo maneno ya kujikinga akawatundikia. Kwa upande wa pili, Abdullah bin Mas'ud na wanafunzi wake walizichukia hirizi zote, ziwe za Qurani au zisizo za Qurani. Lakini tuwasikilize vizuri hao walioruhusu. Wameweka masharti: yaliyoandikwa yawe maneno ya Mwenyezi Mungu, yawe yanafahamika, na mtu asiamini kwamba kile kitu kina nguvu yake chenyewe. Sasa nauliza: katika hirizi mia za mitaani kwetu, ni ngapi zitakazofaulu mtihani huo? Sharti la pili linashindwa kwa uzi uliozishona, na la tatu linashindwa siku hirizi inapopotea na mwenyewe akakosa usingizi.

Na hirizi zisizotimiza masharti hayo, hukumu yake haina hitilafu. Imepokewa kwa Uqba bin Amir kwamba watu kumi walimjia Mtume (S.A.W.) kutoa ahadi ya Uislamu. Alipokea ahadi ya tisa akamwacha mmoja. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba yule alikuwa amevaa hirizi. Ilipokatwa, ndipo ahadi yake ikapokewa.

Wengine watasema: Kinga ni bora kuliko tiba, na dini haikukataza kujikinga. Hapo ndipo penye fundo la mambo, kwani dini imeamrisha kujikinga. Bedui mmoja alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu, au amwache huru na amtegemee Mungu. Aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Na hakuna aliyemtegemea Mola wake kuliko Mtume mwenyewe. Lakini siku ya Uhud alivaa deraya mbili, na katika hijra alijificha pangoni na akaajiri kiongozi aijuaye njia. Khalifa Umar, alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kwamba kuna tauni, alirudi. Abu Ubayda alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari ya Mungu.

Tazama basi tawakkul ilivyo. Ina miguu miwili: mkono unafanya kazi yake, na moyo unatulia kwa Mola. Kamba ya ngamia na deraya zinafanya kazi inayoonekana. Hirizi haimfungi ngamia wala haizuii mshale. Inampa mtu ruhusa ya kuacha kazi, na moyo wake inauhamisha kutoka kwa Mola kwenda kwenye uzi. Miguu yote miwili imekatwa kwa kisu kimoja.

Msidhani kwamba haya ni mabishano ya wazee barazani. Watoto wetu wamekufa kwa ajili yake. Mtoto mwenye malaria kali hupatwa na degedege: macho yakageuka, mwili ukakakamaa. Kwa miaka mingi watu wetu wameamini kwamba hilo ni shetani, na kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Akapelekwa kwa mwenye hirizi kwanza, hospitali baadaye. Na malaria ya namna ile haingoji zamu yake. Leo kipimo cha malaria kinatoa jibu kwa dakika chache, dawa ipo, na chandarua chenye dawa kinaning'inizwa juu ya kitanda. Chandarua hicho ndicho kamba ya ngamia wa zama zetu. Amtakaye Mungu amlindie mtoto, na akitandaze kwanza.

Liko dhara jingine lisilotajwa sana. Kila hirizi ya kinga inahitaji adui. Katika miaka yangu ya kuongoza chuo cha ualimu, tulikuwa na mwanachuo mmoja, msichana mwenye akili, ambaye watu wa kwao walimpelekea hirizi pamoja na habari kwamba nyota yake imefungwa na mtu wa karibu, tena anayekula naye. Jina halikutajwa, wala halikuhitajika. Alikuwa na marafiki watatu wa meza moja bwaloni. Akawaacha wote watatu. Hirizi ile haikumwongezea alama hata moja, ila ilimpokonya marafiki watatu kwa siku moja. Na yule mtoto mchanga tunayemvika kitambaa cheusi, tunamfundisha nini? Tunamwambia kabla hajajua kusema kwamba shangazi ana jicho baya na jirani ana kijicho. Tumemvisha shutuma shingoni, kisha twashangaa akikua hana imani na mtu.

Na anayefaidi ni nani? Wahenga walisema mganga hajigangi. Yule auzaye kinga ya wezi hufunga mlango wake kwa kufuli. Auzaye hirizi ya utajiri hudai malipo kabla ya kazi.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na baada yake Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Unguja, aliyetufasiria Qurani kwa Kiswahili, walijitahidi watu waielewe dini yao kwa lugha yao. Juhudi yao itakuwa na maana gani ikiwa tutaishona Qurani ndani ya ngozi isisomwe? Mtume aliwaombea kinga wajukuu zake Hasan na Husein kwa maneno ya kinywa chake, na kila usiku alisoma sura fupi za mwisho kabla ya kulala. Mama aketiye kitandani kwa mwanawe akazisoma, kisha akatandaza chandarua, amefanya yote mawili yaliyotakiwa, wala hakulipa kitu.

Kwa hiyo nashauri jambo jepesi. Mwenye hirizi na achukue wembe, aifumue, asome. Akikuta tarakimu na majina asiyoyajua, atajua alikuwa akimtegemea nani. Akikuta aya ya Qurani, aitoe gizani, aihifadhi kichwani, na aifanyie kazi. Huko hakuna mwizi wa kuiiba wala uzi wa kukatika.