Maziwa ya Mtoto Wetu Nayo Yapimwe

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu kwamba baadhi yao walivuliwa kwa sumu. Wakazi wa Kirumba, ambao riziki ya wengi wao hutegemea Mwaloni, hawakuhitaji mhadhara kuelewa maana ya chakula kisichoaminika. Tangu hapo taifa limejitahidi. Hata maabara ya kupimia samaki ipo Nyegezi, hapa hapa Mwanza. Lakini ikiwa tunampimia mlaji wa Ulaya sangara wake, kwa nini maziwa ya mtoto wa Kirumba yauzwe mlangoni kwa madumu bila kipimo?

Swali hili lina msingi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wataalamu wakiongozwa na Lusato Kurwijila wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walipima maziwa yaliyouzwa Mwanza na Dar es Salaam, wakakuta mabaki ya antibiotiki.

Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hutibiwa kwa penisilini au dawa nyingine ya namna hiyo, na sehemu ya dawa hutoka katika maziwa kwa siku kadhaa. Siku za kusubiri huandikwa kwenye chupa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi dawa yote. Kipimo cha uzito wa maziwa humfichua aliyetia maji, hakimfichui aliyeuza kabla ya siku kutimia. Matokeo yake ni kwamba mwenye mzio wa penisilini huweza kudhurika, mtindi hukataa kuganda, na vijidudu huzoea dawa hata isimfae mgonjwa.

Kipimo cha dawa kipo. Maziwa hutiwa katika kichupa chenye vijidudu visivyodhuru watu na kuwekwa kwenye joto. Yakiwa salama, vijidudu hukua na rangi ya zambarau hugeuka njano. Yakiwa na dawa, rangi haibadiliki. Majibu hupatikana kwa saa 3 hivi.

Hata hivyo, tusimgeuze mfugaji kuwa adui. Miongoni mwa wafugaji wa mijini wamo walimu na watumishi wa umma wenye ng'ombe mmoja au wawili wa kusaidia mshahara. Kwao, kumwaga maziwa ya siku 3 ni kumwaga mahitaji ya nyumbani. Kumtaka mtu awe mwaminifu huku akibeba hasara peke yake ni mahubiri matupu.

Kwa hiyo wafugaji hawana budi kuungana katika ushirika. Maziwa yapimwe yanapokusanywa, na mfuko wa pamoja umfidie sehemu ya hasara anayetangaza kwamba ng'ombe wake yumo katika matibabu. Atakayeficha akagunduliwa, alipie pipa zima alilolichafua. Bodi ya Maziwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, pamoja na halmashauri zetu, zisaidie vipimo vipatikane kwa bei nafuu. Nasi tunaofuga tuanze leo kwa kuandika tarehe ya sindano ukutani mwa banda.

Samaki wetu walipimwa kwa sababu mnunuzi wa mbali alidai. Mnunuzi wa maziwa ni jirani yetu. Tusingoje mpaka naye adai.