Keria ya Baiskeli: Je, Itambeba Nani?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili ili nami niseme neno juu ya shauri linalozungumzwa sana siku hizi, bwenini na katika mikutano yetu sisi wanafunzi wa zamani, yaani kununua keria ya kuchukulia baiskeli juu ya motokaa ya shule. Fedha zimekwisha anza kuchangwa, na karibu kila mchangaji ataka keria kama zile alizoziona juu ya magari ya Tour du Rwanda. Mimi siafiki.

Siwalaumu kwa kuzipenda. Mwaka 2020 mashindano hayo yalifika kwetu kutoka Huye, mwendo wa kilomita 142 kupitia msitu wa Nyungwe, na kesho yake vijana wale wakaondoka hapa Rusizi kwenda Rubavu, zaidi ya kilomita 200. Nyuma yao magari ya timu, na juu ya magari baiskeli zimesimama wima kama askari kwenye gwaride. Tena mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia yakafanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Ni kijana gani wa Kamembe asiyetaka kuiona baiskeli yake imepanda gari namna ile?

Lakini tutazame jinsi nyingi za keria hizo zinavyoishika baiskeli. Gurudumu la mbele huondolewa, ile uma iliyobaki wazi hubanwa katika kifungio, na gurudumu la nyuma hufungwa kwa mkanda. Kwa baiskeli ya mashindano ni kazi ya dakika moja, kwa sababu gurudumu lake hutoka bila spana. Nayo ni nyepesi mno. Sheria ya mashindano hairuhusu ipungue kilo 6.8, maana mafundi wangeweza kuishusha chini ya hapo.

Sasa, ndugu zangu, hesabuni baiskeli za namna hiyo katika chama chetu. Ni mbili. Waliobaki wote wanapanda baiskeli za chuma, zile zile zinazopandisha ndizi na makaa katika vilima vya mji huu. Gurudumu la mbele limekazwa kwa nati mbili, vyuma vya matgadi vimeshikwa papo hapo, na fimbo za breki zinashuka kando ya uma. Kulitoa ni kazi ya fundi, na hata ukilitoa, uma wake hauingii katika kifungio kile. Basi tukinunua keria hiyo, tutakuwa tumekwisha chagua watakaokwenda kushindana Huye, kabla mtu hajatia mguu kwenye pedali. Atakwenda mwenye mjomba Kigali aliyemnunulia baiskeli nyepesi. Mtoto wa mkulima atasimama langoni kuwapungia mkono. Wala hakuna atakayesema kwamba amenyimwa. Itasemwa tu kwamba baiskeli yake haikuenea.

Iko keria ya namna nyingine, yenye mifereji, ambayo baiskeli husimama kwa magurudumu yake mawili na mkono wa chuma huishika isilale. Haipendezi kama ile ya kwanza, lakini hupokea baiskeli ya kila mtu. Hiyo ndiyo ninayoitaka.

Nakubali kwamba ina shida yake, nayo ni uzito. Baiskeli ya chuma hufikia kama kilo 20. Kila motokaa ina kitabu chake kinachotaja uzito unaoruhusiwa juu ya dari, na kwa magari mengi madogo ni kati ya kilo 50 na 100, pamoja na keria yenyewe. Tuseme kitabu chetu kinataja 75. Vyuma vya keria vikichukua 15, zimebaki baiskeli tatu, wala si nne. Wako wanaosema kwamba dari ni chuma na litavumilia. Watu hao hawajawaza gari lenye mzigo kichwani likikata kona za Nyungwe, barabara inayopanda kutoka ziwani, mita 1,460, hata kupita mita 2,400, huku watu wakitembea kwa miguu pembezoni. Upepo nao haupuuzwi: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu yake juu ya baiskeli huzidi mara nne. Kama wapanda baiskeli ni sita, gari liende safari mbili, au tukodi pikapu.

Wengine wamependekeza keria ya kuning'iniza nyuma ya gari. Wana haki katika jambo moja: kunyanyua kilo 20 hadi juu ya dari si mchezo, nyuma ni rahisi zaidi. Walakini baiskeli zikining'inia nyuma huziba taa na namba ya gari, na katika ukungu wa Nyungwe taa ya nyuma ndiyo humwonya dereva wa lori anayekufuata.

Juu ya kamba nitasema kidogo tu. Vipande vya mpira wa ndani wa tairi, tunavyofungia kila kitu hapa, vinafaa kwa gunia. Kwa baiskeli juu ya dari havifai, kwa kuwa mpira huvutika. Sharti mikanda iliyofumwa, yenye bakoli, na dereva asimame baada ya kilomita chache kuikaza tena. Na gari likirudi, keria ivuliwe, isile petroli bure.

Naiomba kamati, kabla ya kutoa hata faranga moja, iende dukani na baiskeli ya chuma na kuipakia mbele ya muuzaji. Ya kujaribia nitaitoa mimi. Ina breki za fimbo, na keria yake ya nyuma imepinda kidogo kwa magunia.

Mwanafunzi wa zamani, Kamembe